Salamu za Ebeneza

Ufunguo wa kanisa la Ebeneza nilikuwa nauvaa shingoni, kwenye kamba ya kiatu, tangu siku Mchungaji Linton alipopata kiharusi na binti yake akaja kumchukua kwenda naye Kanada. Hakunikabidhi kwa sherehe yoyote. Alikuwa ameshaketi ndani ya gari, akautoa mfukoni, akaniwekea mkononi, na kwa mdomo ule uliokwenda upande akasema neno ambalo sikulisikia vizuri. Mpaka leo sijui alisema nini. Labda alisema asante. Labda alisema nifunge dirisha la nyuma, maana lilikuwa linaingiza mvua.

Hiyo ilikuwa Juni. Mwisho wa Agosti akapanda kwetu Mchungaji Pinnock kutoka mjini. Yeye ana makanisa saba ya Kibatisti ya kuangalia, na letu ndilo la juu kabisa, pale barabara inapokwisha na mashamba ya viazi vikuu yanapoanza. Alihubiri kidogo, akafunga Biblia yake, akajifuta jasho.

"Wapendwa, sitawazungusha," akasema. "Mchungaji wa kuwaletea hapa sina. Jumapili ya kwanza ya Oktoba nitarudi. Nikikuta mtu anayeongoza na watu wanaoongozwa, mlango huu utabaki wazi. Nisipokuta, tutaufunga, na nyinyi mtakuwa mnashuka kusali nasi mjini."

Kutoka kwetu hadi mjini ni maili kumi na mbili za mashimo. Wengi wetu tumepita miaka sabini. Ukimwambia mtu kama Kaka Eustace, mwenye goti lile lake, kwamba kanisa sasa liko mjini, umemwambia akae kibarazani kwake asubiri jeneza. Sote tulilijua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyekohoa.

"Nani kati yenu anaweza?" akauliza Mchungaji.

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vimenielekea. Hawakuwa wananiangalia mimi. Walikuwa wanauangalia ufunguo.

"Mimi niliishia darasa la tatu," nikasema. "Nasoma kwa kidole."

"Na Petro aliishia la ngapi?" akasema Kaka Eustace kutoka benchi la nyuma. Watu wakacheka, na katika kicheko hicho nikawa nimeshachaguliwa.

Nje, karibu na gari lake, nilimwambia Mchungaji Pinnock ukweli. Nilimwambia naogopa. Hakunicheka. Alisema, "Dada Icilda, una mwezi mzima. Nenda katembelee makanisa ya wengine. Usiangalie mavazi wala vyombo vya muziki. Mwangalie yule anayeongoza anafanya nini."

"Hata ya wale wasio wenzetu?"

"Hao hasa. Wenzetu unawajua tayari."

Drusilla Wray alikuwa amesimama nyuma yangu, anasikiliza bila aibu, kama kawaida yake. Tumekua pamoja, tumezaa pamoja, na wote wawili tumezika waume zetu kwenye makaburi ya upande wa mashariki. Gari lilipoondoka akanishika mkono.

"Wewe, shoga yangu! Kuku akiingia jikoni kwako unamwomba radhi ndipo umtoe. Utamwongoza nani?"

"Sijui, Drusilla."

"Basi nakuja nawe. Hii siwezi kuikosa."

Hofu yangu kubwa haikuwa kuhubiri. Kuhubiri Mchungaji Pinnock alisema naweza kusoma fungu moja na kusema maneno matatu, nikakaa. Hofu yangu ilikuwa nyimbo. Kwetu Ebeneza hakuna anayeshika kitabu cha nyimbo. Tangu zamani za bibi zetu, watu hawakujua kusoma, basi kiongozi anautamka mstari haraka haraka, kanisa linauimba, anatamka unaofuata, linaimba. Tunaita kutoa mstari. Mchungaji Linton alikuwa na kitabu, na sisi tulikuwa na Mchungaji Linton. Nyimbo zile nazijua zote nikiwa nimeketi. Lakini nikisimama mbele ya watu, hata watu wanne, maneno yanaondoka. Nilijaribu jikoni, mbele ya sufuria. Hata mbele ya sufuria yaliondoka.

Jumapili ya pili ya Septemba tukashuka hadi kwa Waanglikana, kwenye kanisa la mawe kando ya mto. Ebeneza niliwaachia ufunguo, waombe wenyewe. Padre Lushington ni mzee kuliko mimi, mwembamba, koti lake limechakaa kwenye viwiko. Saa mbili kamili aliivuta kamba ya kengele mwenyewe. Tulikuwa watu saba, pamoja na sisi wageni wawili, katika kanisa la kuingiza mia tatu. Akaanza kama limejaa.

Mimi nilipotea kwenye kile kitabu chao cha sala. Kidole changu kilikuwa bado ukurasa wa kwanza wakati wao wamefika mbali. Mama aliyeketi mbele yangu akawa anageuka kila mara na kunifungulia ukurasa. Drusilla naye ananong'ona sikioni, "Simama. Kaa. Piga goti. Hii ni ibada au ni mazoezi ya jeshi?"

Baada ya ibada nilimngoja Padre mlangoni.

"Baba, ukija siku moja usikute mtu?"

"Imeshatokea mara mbili," akasema. "Napiga kengele, nasali."

"Na wao?"

"Wao wako kitandani, wanaisikia. Wanajua nimeanza." Akaniangalia vizuri. "Halafu nafunga mlango, naenda kwa wale ambao hawakuja. Nafika kabla wali haujaiva, ili wasidhani nimefuata chakula. Nauliza habari zao, naondoka. Sisemi neno juu ya kanisa."

"Wanarudi?"

"Baadhi," akasema, na akaenda kuzima mishumaa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na nafuu kidogo. Kupiga kengele naweza. Kutembelea watu naweza. Usiku ule nililala.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyoniharibia.

Tulikwenda Hekalu la Ushindi, lile kanisa jipya kubwa lililo kwenye barabara kuu, chini ya kilima chetu, lenye kuta za bluu na uwanja wa magari. Mlangoni tulipokewa na wasichana wenye glavu nyeupe. Ndani kuna feni kumi na mbili, Drusilla alizihesabu. Hakuna kitabu hata kimoja. Maneno ya nyimbo yanatokea ukutani, makubwa, yenye rangi, na yanabadilika kabla sijamaliza kuyafuata. Kiongozi wao ni Askofu Tulloch, mtu wa makamo, mnene kiasi, sauti yake kama ya mtu anayekupenda. Nilimwangalia kama nilivyoagizwa. Alijua jina la kila aliyempa mkono. Hilo nililiweka moyoni.

Kisha wakaomba wageni wasimame.

Sasa, kwetu mgeni akisimamishwa kanisani hasemi jina lake tu na kukaa. Analeta salamu. Anasema anatoka kanisa gani, mchungaji wake nani, hali yao ikoje. Ukikaa bila salamu ni kama umekuja na mkono mtupu, na watu watasema mama yako hakukufundisha. Basi nikasimama. Msichana wa glavu akaniletea kipaza sauti. Kilikuwa kizito, na nilipokohoa kidogo kanisa zima likakohoa nami.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Nawaletea salamu kutoka kwa ndugu zenu wa Ebeneza, kule juu."

"Amina!" wakaitika, watu mia nne hivi.

"Karibu, Mama," akasema Askofu. "Mchungaji wenu ni nani?"

Ningesema Mchungaji Pinnock. Haingekuwa uongo. Lakini nilikuwa kanisani, na nilikuwa na hofu, na hofu ikinishika mimi hunyamaza au husema yote. Siku ile nilisema yote.

"Hatuna mchungaji, Askofu. Wetu alipatwa na kiharusi. Tuko kama thelathini tu, wengi ni wazee, magoti hayatuchukui. Gari hatuna. Tunakutana pale dukani kwa Bi Vinette, kwenye njia panda, halafu tunapanda kwa miguu. Tuombeeni, maana hatujui itakuwaje."

"Ee Yesu!" kanisa likasema. Walinihurumia kweli. Nilijisikia vizuri sana kuhurumiwa na watu mia nne.

Askofu akanyanyua mkono. "Kanisa, mmesikia? Kundi kule mlimani, halina mchungaji! Tutalala usingizi?"

"Hapana!"

Hapo ndipo Drusilla aliponivuta sketi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, na Drusilla asiposema kitu ujue kuna jambo. Tulipofika kwenye njia panda akasimama mbele ya duka la Bi Vinette, akalionyesha kwa mkono wote.

"Umewapa idadi yetu, umewapa ugonjwa wetu, umewapa na mahali pa kutuchukulia. Kilichobaki ni kuwapa saa."

"Nilikuwa naleta salamu tu."

"Ulituleta sisi wote, Icilda. Kwenye sahani."

Wiki hiyo nilijiambia Drusilla anapenda kukuza mambo. Jumapili, saa moja asubuhi, nikasikia honi.

Basi jeupe lilikuwa limesimama dukani kwa Bi Vinette, injini inawaka, mlango wazi, na baridi inatoka ndani. Ndiyo, baridi. Ubavuni limeandikwa jina la Hekalu kwa herufi za dhahabu. Msichana mmoja wa glavu anagawa juisi na andazi la nyama. Na watu wangu, wakiwa na kofia zao za kanisani, wamepanga mstari.

"Icilda!" Bi Vinette akaniita, anameremeta. "Unaona Mungu? Nani amewaambia hawa habari zetu? Hakuna! Ni Roho tu!"

Nilijifanya nasoma zile herufi za dhahabu.

Kaka Eustace alikuwa anainuliwa ngazini na dereva, mguu mmoja juu, mmoja chini. Aliponiona akashusha macho. "Ni hili goti, Dada Icilda," akasema. "Hili goti tu. Si kitu kingine."

"Nenda salama, Kaka," nikasema.

Walipanda kumi na tisa. Nilibaki njiani nimeushika ufunguo, nikatazama basi likipinda kona. Jumapili ile Ebeneza tulikuwa sita, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuimba. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Zilikuwa saba. Baada ya saba, Mchungaji Pinnock angefika akute mabenchi, na watu wangesema kanisa lilikufa kwa sababu Mungu alileta basi. Mimi peke yangu, na Drusilla, tungejua nani hasa alilileta.

"Utasema?" nikamuuliza Drusilla.

"Mimi? Mdomo haukuwa wangu." Akaninyooshea kidole kifuani, pale pale kwenye ufunguo. "Utasema wewe."

Jumatatu sikula. Jumanne nilichemsha shelisheli badala ya kulichoma, sijui nilikuwa nawaza nini. Kila aliyepita alinisimulia uzuri wa basi, kiti chake kinavyolala nyuma, na kila mmoja alimaliza kwa kusema, "Na sijui walijuaje, Bi Icilda!" Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yakauma. Nikiona watu wawili wananong'ona, nageukia njia nyingine. Nilifikiri nimwandikie Mchungaji Pinnock barua kwamba naumwa. Niliandika mistari miwili, nikaichana.

Jumatano nikaenda mahali ambapo mama yangu, angekuwa hai, angevua ukanda anichape. Nilikwenda kwa Mama Zillah.

Mama Zillah ni kiongozi wa watu wa Uamsho, wale wa ngoma na vilemba. Uwanja wake una mlingoti mrefu wenye bendera ya bluu na nyeupe, na beseni la maji katikati. Sisi Wabatisti tulilelewa tukiambiwa tuvuke barabara tukisikia ngoma ile. Lakini nilikuwa nimeagizwa makanisa, na nilikuwa nimetembelea mawili tu, na kusema kweli sikuwa na pengine pa kupeleka hofu yangu. Drusilla alikataa kuingia. Alibaki getini, "ili mmoja wetu abaki Mkristo," akasema, lakini nilimwona anatikisa kichwa kwa mapigo.

Walikuwa watu kama ishirini, mchana kweupe, wanazunguka beseni, wanaimba. Na kumbe, wanatoa mstari! Mama Zillah, mwanamke mfupi, kilemba chekundu, penseli mbili zimechomekwa ndani yake, anautamka mstari kama anayetupa mahindi kwa kuku, na watu wanaudaka. Hakuwa na kitabu. Miguu yangu ilianza kutaka kucheza.

Ghafla akanyoosha mkono, ngoma ikakatika. Nikadhani ameniona mimi, Mbatisti.

"Merle," akasema. "Simama, binti yangu."

Mama mmoja mwenye kilemba cheupe akasimama.

"Jumapili nilikusema mbele ya hawa wote kwamba umechelewa kwa uvivu. Jana nimesikia ulikuwa unamwogesha jirani yako mgonjwa. Mimi nilikosea. Nimekukosea mbele yao, nakuomba radhi mbele yao."

"Nimesamehe, Mama," akasema Merle.

"Haya." Mkono ukashuka, ngoma ikaanza pale pale ilipoishia. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa kama mtu ameokota kijiti njiani akakitupa pembeni.

Walipomaliza, Mama Zillah akaniletea kikombe cha chai ya kakao na kuniketisha kwenye ngazi.

"Wewe ndiye wa ufunguo," akasema.

"Ndiyo, Mama. Huogopi? Kusema umekosea mbele ya watu unaowaongoza?"

"Naogopa sana."

"Hawakuondoka?"

"Kuna wawili waliwahi kuondoka." Akanywa chai yake taratibu. "Wewe unalo la kusema, naona. Limekukaba hapa. Sikuulizi ni lipi. Ila watu wako, dada yangu, hawawezi kukufuata wakati wewe unawakimbia."

Ni kweli nilikuwa nawakimbia. Wiki nzima nilikuwa nazunguka kwa nyuma ya mashamba ili nisipite dukani kwa Bi Vinette.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba niliamka kabla ya jogoo. Nilivaa gauni langu jeupe na kofia ya marehemu dada yangu. Saa moja kasoro nikawa dukani. Basi likaja. Watu wakapanda, wananisalimia, wananipa pole kwa kubaki. Alipopanda wa mwisho, na mimi nikapanda.

"Karibu, Mama!" akasema msichana wa glavu.

"Siendi," nikasema. "Nina neno moja."

Dereva akaangalia saa yake. "Mama, tunachelewa. Bado tuna vituo vingine, na Askofu anaanza saa tatu."

"Sitakuchelewesha, mwanangu. Naogopa kuliko wewe." Nikawageukia. Nyuso zote zile nimezijua maisha yangu yote. "Mmekuwa mkisema hamjui nani aliwaambia hawa habari zetu. Ni mimi. Nilisimama kanisani kwao kuleta salamu, nikasema hatuna mchungaji, nikasema hatuna gari, nikasema mnakutana hapa. Nilikuwa natafuta huruma. Basi hili nimeliita mimi kwa mdomo wangu, na nimenyamaza wiki nzima nikiwaacha mseme ni Roho. Naomba mnisamehe."

Juisi ya mtu ikamwagika.

"Icilda!" akasema Bi Vinette. "Na mimi wiki nzima namshangilia Mungu dukani, kumbe ni wewe!"

Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka. Mama mmoja, Bi Clarice, akageuza uso dirishani, na huyo najua nimemuumiza mpaka leo.

"Leo anakuja Mchungaji Pinnock," nikaendelea. "Nitaongoza mimi. Sijui nitakavyoweza. Siwaambii mshuke. Basi ni zuri, na magoti ni magoti. Saa tatu na nusu nitagonga kengele yetu ya chuma, ili mjue tu kwamba nimeanza."

Nikamwangalia Kaka Eustace. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Nikashuka, mlango ukafungwa, basi likaondoka na wote waliokuwemo. Hakushuka hata mmoja.

Nilipanda kilima kwa miguu yangu, Drusilla kando yangu.

"Umeweza," akasema.

"Hawakushuka."

"Sikusema wameshuka. Nimesema umeweza."

Kengele yetu ni gurudumu la chuma la lori la zamani, limening'inizwa kwenye mshelisheli, unaligonga kwa nyundo. Saa tatu na nusu nikaligonga mara kumi na mbili. Tukawa sita, halafu saba. Saa nne kamili Mchungaji Pinnock akaingia, akatembeza macho kwenye mabenchi, akatoa kidaftari chake mfukoni, akaketi nyuma kabisa.

Nikasimama mbele. Nikatangaza wimbo. Nikatoa mstari wa kwanza, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto, lakini wakauimba. Nikatoa wa pili. Wakaimba. Ubeti wa kwanza ukapita, sijui ulipitaje. Ubeti wa pili, mstari wa kwanza, sawa. Halafu nikafungua mdomo, na hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe. Niliona ukuta, niliona dirisha linalovuja, niliona Mchungaji Pinnock ameinua kichwa. Watu saba walikuwa wananingoja, vinywa wazi, na hakuna mwenye kitabu.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuruka hadi kwenye sala nikajifanya ndivyo nilivyopanga.

"Umenipotea," nikasema. "Mstari umenipotea. Nani anao?"

Drusilla anatikisa kichwa, amekodoa macho. Na yeye umempotea, kwa kunionea huruma.

Ndipo mlangoni mtu akautoa mstari, kwa sauti nzito, haraka haraka, akihema. Ulikuwa mstari wa ubeti wa nne. Haukuwa mahali pake kabisa. Lakini kanisa likaudaka, likauimba kwa nguvu zote, na mimi nikaimba nao, na alipotoa unaofuata tukaimba huo pia, tukamaliza wimbo tukiwa tumeacha beti nzima katikati.

Kaka Eustace alikuwa ameegemea mlango, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Nyuma yake Bi Vinette, kofia imekwenda upande, na nyuma yake wengine wawili.

"Nilimsimamisha dereva darajani," akasema, kama mtu anayejitetea. "Jumapili iliyopita nilisimama kule kama nguzo, dada yangu. Macho haya hayaoni ukutani. Saa mbili nzima, na hakuna mtu aliyenitolea hata mstari mmoja."

"Na goti?" akauliza Drusilla.

"Usiniulize habari za goti."

Tulikuwa kumi na mmoja. Nilisoma fungu langu kwa kidole, polepole, na hakuna aliyeniharakisha. Nilisema maneno yangu matatu. Nikakaa, na miguu yangu ikashukuru.

Baada ya ibada Mchungaji Pinnock alinikuta nafunga dirisha.

"Kumi na mmoja," akasema. "Kwenye kitabu mko thelathini na mmoja. Wengine wako wapi?"

"Wako kwenye basi la Hekalu la Ushindi, Mchungaji. Mimi ndiye niliyewapeleka." Nikamweleza yote, tangu kipaza sauti. Alisikiliza akichezea kidaftari chake. Hakuandika kitu.

"Na sasa utafanya nini nao?"

"Basi linarudi saa nane. Nitakuwa pale dukani, niwasaidie kushuka. Ngazi ile ni ndefu kwao."

"Utawaambia nini?"

"Nitawauliza habari zao."

Akatazama kwa muda ule mti wenye chuma. "Meza ya Bwana nitakuja kuandaa mwenyewe, kila Jumapili ya kwanza," akasema mwishowe. "Jumapili nyingine ni zako. Pasaka tutahesabu tena."

Pasaka. Moyo wangu, uliokuwa umeanza kushuka mahali pake, ukapanda tena. Hakuwa ameniambia ndiyo. Alikuwa amenipa miezi sita ya kuogopa.

Saa nane nilikuwa kwenye njia panda. Basi likasimama, mlango ukafunguka, ile baridi ikatoka. Nikanyoosha mkono. Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Clarice. Aliutazama mkono wangu, akaitazama ngazi, akaushika. Hakunitazama usoni.

"Habari za goti la kushoto?" nikamuuliza.

"Linauma," akasema. Akafika chini, akarekebisha kofia yake, akaanza kwenda zake. Hatua kama tano hivi akasimama, bado amenipa mgongo.

"Hicho chuma," akasema. "Nilitoka nje, nikakisikia mpaka kule. Umekigonga vibaya. Linton alikuwa anagonga taratibu."

"Nitagonga taratibu," nikasema, nikageuka kumpa mkono anayefuata.